Nyumba Yetu kwa Rangi za Saluni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama yangu anajua zilipo. Hapandishi sauti. Anakitazama kitu nilichofanya, kisha anasema, "Iko muzuri, papa," kwa sauti ambayo hata mtoto wa chekechea angejua kwamba si nzuri hata chembe. Papa ndiye mimi. Kwetu Kongo mama humwita mwanawe wa kiume hivyo kwa mapenzi, na humwita vivyo hivyo anapotaka kumkata maini.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Hapa Durban, kwenye mitaa ya South Beach inayoelekea Point, vile vichwa vya wanawake waliosukwa unavyoviona kwenye milango ya saluni, vingi ni vya mkono wangu. Siku hizi watu wanachapisha mabango ya plastiki kwa mashine, na mimi nimebakiwa na wateja wanaoamini kwamba kichwa cha mkono kina baraka, pamoja na wale waliogombana na mwenye mashine. Lakini kazi naijua. Nikipiga uzi wa chaki ukutani, mstari unanyooka. Nikiandika neno, herufi zinalingana kimo tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Nayasema haya mapema ili ieleweke ni kwa nini niliumia kiasi kile.

Mama anaishi nasi, mimi na mke wangu, katika fleti ya ghorofa ya juu ambayo lifti yake hufanya kazi inapojisikia. Mwaka jana alianza kumimina chai nje ya kikombe, nasi tukadhani ni uzee tu. Kliniki wakasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kwenda, na la kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni kwenda katikati. Daktari alikunja ngumi, akaacha tundu dogo, akachungulia kupitia lile tundu ili tuelewe mama anaonaje. Akasema matone ya dawa yatachelewesha mambo kidogo, lakini kilichokwisha potea hakirudi, na hata hilo tundu litaziba.

Tulirudi kwa taxi. Tukashuka kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na kwetu. Hapo mama akanishika mkono wa shati.

"Papa, mbele ya macho hii kuzimika, unichoreye nyumba ya kwetu. Niione tena."

Nyumba yetu ilikuwa milimani, juu ya Uvira. Picha yake haipo. Vita vilipokuja, mama na dada zangu waliondoka na nguo walizovaa, wakavuka ziwa hadi kambini Tanzania. Mimi nilikuwa mjini kwa baba mkubwa, nikisoma, nikawakuta kule kambini baadaye. Baba hakuvuka. Kwa hiyo mama aliposema nimchoree, nilijua ananiomba kitu ambacho hakuna mwingine duniani anayeweza kumpa, na nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimezaliwa na kufundishwa kushika brashi kwa ajili ya siku ile.

Nilichukua ubao mkubwa, mkubwa kama mlango wa kabati. Nikausugua kwa msasa, nikaupaka rangi nyeupe ya chini, nikapiga chaki. Nikamchorea nyumba kama nilivyoijua, yaani kutoka barabarani. Mimi nilikuwa mtoto wa likizo. Nilikuja na sare yangu ya shule na begi, nikapokewa barazani kama mgeni, nikakaa hapo hapo nikiletewa ndizi za kuchoma, maana msomi wa nyumba hakuruhusiwa kuchafuka. Nikachora ukuta mweupe uliopigwa lipu, madirisha mawili, baraza na ngazi zake, mabati yanayong'aa, na yale mawe baba aliyoyapanga kando ya njia na kuyapaka chokaa. Kila mstari ulinyooka. Ungeweza kupima.

Akina mama wa kanisani walipokuja kumwombea macho, walisimama mbele ya ubao ule wakapiga vigelegele. Mmoja aliniuliza kama naweza kumchorea na ya kwao, Bukavu. Mke wangu, ambaye si mwepesi wa kunisifu, alisema angalau nimechora kitu kisicho na nywele.

Mama alisogea. Kwa kuwa anaona kwa tundu tu, ilimbidi apitishe kichwa juu ya ubao wote, polepole, kama anayenusa. Alianza juu, akashuka, akaenda kulia, akarudi kushoto. Mimi nimesimama hapo, nimeshika kofia.

"Iko muzuri, papa," akasema. Kisha, "Hii ni ya kwetu. Lakini haiko nyumba."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mama, si nyumba hii? Sasa hii ni nini, ng'ombe?"

"Nyumba ninaiona. Lakini miye sikuomba hii. Nilikuomba nyumba."

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye korido. Unajua hasira isiyo na pa kwenda? Huwezi kumgombeza mama yako anayepofuka. Huwezi kumuuliza, kwa Kiswahili chochote kile, nyumba isiyo nyumba ni ipi. Mke wangu alinifuata akaniambia kwa upole kwamba pengine akili nayo inaanza kuchoka. Hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu siku ile ile mama alikuwa amemkumbusha sikukuu za kuzaliwa za wajukuu wote waliobaki Kigoma.

Nikafikiri tatizo ni rangi. Nikapaka ukuta upya, nikautia umanjano kidogo, maana chokaa ya kule haikuwa nyeupe hivyo. Akapitisha kichwa. "Haiko." Nikafikiri ni mabati. Nikayatia kutu. Akacheka kidogo, akasema ni kweli yalikuwa na kutu, baba yangu alikuwa anaahidi kila mwaka kuyabadilisha. Lakini bado haikuwa. Nikaongeza mbuzi. Nikamweka baba mwenyewe barazani kwenye kiti chake. Mama alimtazama sana. Akapangusa jicho kwa kitenge.

"Ni yeye," akasema. "Lakini papa, mbona hutaki kunichorea nyumba?"

Mbona hutaki! Mimi! Nililaza brashi bila kuisafisha, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nijue kazi, ikakauka ikawa kama kijiti. Kila wiki tundu lilikuwa linapungua. Alikuwa ameanza kukosa mlango wa bafuni na kugonga bega. Nami nilikuwa nimekwama kwenye ukuta uleule, nikiupaka koti la rangi juu ya koti, mpaka mke wangu akasema, "Eish, hiyo nyumba sasa iko na makoti mingi kuliko mimi." Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza, na sikutegemea anyamaze.

Jikoni kwetu, juu ya friji, ilining'inia kalenda niliyopewa na ofisi moja ya bandarini inayosafirisha mizigo ya watu kwenda Kongo. Kila mwezi ilikuwa na picha ya mchoraji wa Ulaya wa zamani. Mwezi ule ilikuwa nyumba ya mashambani huko Ufaransa na mandhari yake, kazi ya mmoja wa wale waliokuja baada ya wachoraji wa mwanga na madoa, wakaona mwanga peke yake hauwatoshi. Hayo niliyasoma chini kwa maandishi madogo. Picha yenyewe nilikuwa naichukia tangu siku ya kwanza. Ukuta wa kushoto umelalia nje. Bomba la moshi limepinda. Miti imezungushiwa mstari wa buluu, kana kwamba kuna mti wa namna hiyo. Kilima kimejengwa kwa vipande vya rangi vilivyobandikwa kandokando, kijani, zambarau, rangi ya udongo, na nyumba, ambayo ndiyo iliyoipa picha jina, imesukumwa huko juu nyuma ya matawi mpaka uitafute. Mimi nikimpelekea mwenye saluni bango lililopinda hivyo, atanirudishia kichwani.

"Yeye yuko kwenye kalenda," mke wangu alinijibu niliposema hivyo. "Wewe uko kwenye mulango ya saluni."

Basi, asubuhi moja nilimkuta mama amesimama mbele ya friji, pua yake karibu iguse ile kalenda. Picha ilikuwa ndogo, ikaingia yote kwenye tundu lake bila kuhangaisha kichwa. Alikuwa anatabasamu.

"Huyu mutu anajua," akasema. "Huyu alisimama nyumba."

"Alisimama nyumbani?"

"Hapana. Nyuma." Akanigeukia. Akajipiga mgongoni kwa kiganja, pa, pa, kama anayembembeleza mtoto aliyebebwa. "Nyuma, papa. Nyu-ma. Alikuwa huku chini kwa shamba, akaangalia nyumba kwa nyuma. Ni ile ninakuomba tangu siku ya dokta. Nyuma ya kwetu."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki.

Lazima nieleze. Mama ana Kiswahili chake cha milimani, na mimi niliokota changu kambini Tanzania, kwa walimu waliokuwa wakituchapa kwa kusema mutu badala ya mtu. Tangu wakati ule, mama akiongea, sikio langu linamsahihisha kabla hajamaliza. Akisema mulango, nasikia mlango. Alisema nyuma, nami nikamwekea herufi yake ya b, nikamsikia anasema nyumba, kwa sababu nani angeomba achorewe nyuma? Nyuma ya nyumba kuna choo, kuna jiko la udongo, kuna majivu na maganda ya muhogo. Mgeni hapelekwi huko. Ukimchorea mtu nyumba yake kwa nyuma umemtukana.

"Kwa nini hukuniambia wazi?" Nilisema kwa ukali, na sikujali.

"Nilisema wazi. Wewe ndiye ulikuwa unajibu kitu ingine."

Niliutazama ule ubao wangu mkubwa ulioegemea ukuta sebuleni, na makoti yake yote, na baba barazani. Nilitaka kuupiga teke. Badala yake nikauliza swali ambalo lilinitia aibu kuliko yote: huko nyuma kulikuwaje? Maana sikukujua. Uani nilifika, ndiyo, kunawa mikono. Lakini kule chini kwenye shamba la muhogo, alikoshinda mama tangu asubuhi mpaka jua likikaribia kuzama, sikuwahi kushuka hata siku moja. Kwa mama, nyumba ilikuwa kile alichokiona akinyoosha mgongo kutoka kwenye jembe. Baraza alikuwa anaifagia tu.

Tukaanza upya. Nilikata kipande kidogo cha ubao, ukubwa wa kalenda. Mama alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mimi nikakaa sakafuni, na tukagombana kila siku baada ya kazi.

Alisema mlima uwe mkubwa kuliko nyumba. Nikasema hiyo si picha ya nyumba basi, ni picha ya mlima. Alisema ukuta wa nyuma haukupigwa lipu, ni matofali matupu, na upande mmoja una weusi wa moshi. Alisema parachichi inafunika pembe yote ya kulia. Nikaweka nyumba, nikainyoosha kwa rula, na akapitisha jicho akasema, "Umeinyoosha. Hapana kuinyoosha. Ukiwa chini inakulalia." Nikamweleza kwamba nyumba hailali, nyumba iliyolala imeanguka. Akasema niende nikamuulize mzungu wa kalenda. Na kweli, usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikaenda mbele ya friji nikaitazama ile nyumba ya Kifaransa kwa macho mengine. Ukuta wake ulikuwa unalala kwa sababu mtu alikuwa amesimama chini yake, kwenye mteremko, shingo juu. Nilimlaani yule marehemu kimoyomoyo, nikatupa rula kwenye droo.

Rangi nazo zilinitesa. Mimi nina rangi za saluni: nyeusi ya nywele, kahawia ya ngozi, nyekundu ya midomo, na kijani kali niliyobakiza kwenye bango la duka la simu. Mama alitaka mlima uwe na rangi ya majani ya muhogo mvua ikikawia. Nilikwenda dukani karibu na soko la Warwick. Muuzaji, ambaye kwa Kizulu chake neno ni moja kwa kijani na kwa buluu, akaniuliza nataka luhlaza ya majani au luhlaza ya mbingu. Nikamwambia katikati. Akanitazama kwa huruma, akaenda kumhudumia mwingine. Mwishowe nilifanya kama yule wa kalenda: nikaziweka rangi kandokando bila kuzichanganya, kipande cha kijani, kipande cha kahawia, kipande cha buluu, nikarudi hatua chache, na mlima ukasimama. Ulisimama kwelikweli. Nilikasirika hata kwa hilo, kwamba nimefika umri huu ndipo nalijua.

Mama alikuwa anazidi kusogea karibu na ubao. Mwanzoni aliona nyumba na parachichi pamoja. Baadaye akawa anaona kimoja, anakumbuka kingine. Nikaharakisha.

Jambo la mwisho lilikuwa mlango wa nyuma. Picha ilikuwa imejaa mlima na majani na matofali, na jicho halikuwa na pa kupumzika. Nikachovya brashi kwenye nyeusi ya nywele, nikapiga mstari mmoja tu, wima, katikati ya matofali. Mlango uko wazi, ndani giza. Nikarudi nyuma kutazama. Kila kitu kilikuwa kimejipanga kuuzunguka ule mstari mweusi. Katika miaka yangu yote ya vichwa na mikasi na simu, sijawahi kupiga brashi namna ile, na najua sitapiga tena. Nilimwita mke wangu. Alikuja na kitana mkononi, akatazama, akakosa utani.

Asubuhi nikamweka mama dirishani penye mwanga, nikamshikia ubao. Jicho lake lilianza chini, kwenye muhogo. Likapanda njia. Alipita choo akacheka. Alisema, "Hapa, hapa jiwe ya kunolea jembe." Akafika kwenye parachichi, akaingia ukutani, akasimama.

"Nani alifungua mulango?"

"Ni picha, mama. Pale panahitaji giza kidogo, la sivyo picha haipumui."

"Ile mulango hatukuwa tunaacha wazi. Tukienda shamba, tunafunga. Kuku inaingia." Alikuwa anasema taratibu, jicho liko palepale. "Siku ile niliinua kichwa, nikaona iko wazi. Jua iko juu, na mulango iko wazi. Nikajua wameingia. Nikashika dada zako mikono, tukashuka kwa ziwa. Sikupanda tena kuangalia. Baba yako alikuwa ndani, homa ilimushika."

Miaka yote, kwetu tulizoea kusema baba alibaki nyuma. Watu waliokimbia vita husema hivyo juu ya wote ambao hawakuvuka, na mimi niliyachukua maneno kama yalivyo, sikuuliza zaidi. Nikauegemeza ubao kwenye magoti yake.

"Ni hii ndiyo naona nikifunga macho," mama akasema. "Naenda kukaa nayo mupaka kufa. Ninataka nione ingine. Funga, papa."

Nilitaka kumwambia kwamba ule mstari ndio uliobeba picha yote. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, maneno ya fundi, na nilikuwa na uchungu wa mtu anayeombwa akivunje kitu pekee alichowahi kukipata. Nilikwenda kuchukua kahawia ya ngozi. Nikapaka juu ya weusi, mbao tatu za mlango, na nikaiona picha ikizima palepale mbele yangu. Rangi nyepesi juu ya nyeusi haifuniki mara moja, kila mchora mabango anajua, na lile giza likawa linachungulia kila ninapopita.

Mama alikuwa ameinamia ubao, uso wake karibu uguse rangi mbichi, akitafuta pale mahali, akipapasa kwa jicho na kupakosa.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mama," nikasema, nikachovya tena brashi.